Kipandio cha Tatu

Siku Mama Mbao alipomwona yule fundi kwa mara ya kwanza, alidhani ni mwizi. Mtu mwembamba, kalamu ya risasi nyuma ya sikio, kachuchumaa mbele ya mrundo wa mbao arobaini na tatu zilizoshushwa asubuhi ile ile. Anainua ubao, anaupeleka jichoni kama mtu anayelenga bunduki, anaguna, anauweka kando. Baada ya saa nzima alikuwa amechagua mbao mbili.

"Na hizi nyingine?" Mama Mbao akauliza.

"Hizo ni kuni, mama."

Alisema kwa sauti ya kawaida, bila ubaya, lakini wateja wengine wanne walikuwa wanasikia. Wote wanne wakaondoka mikono mitupu. Mama Mbao akamfukuza, na alipomaliza kumtukana akagundua kwamba mrundo wake umepangwa vizuri kuliko ulivyowahi kupangwa tangu afungue banda: zilizopinda kushoto, zenye fundo kulia, zilizonyooka katikati. Akamkimbilia barabarani.

"Wewe! Rudi. Jumatatu uje mapema kabla sijafungua. Chagua unachotaka, nipangie mrundo, nitakupunguzia bei. Ila mdomo wako uuache nyumbani."

"Unapunguza kiasi gani?"

"Ukija na mdomo, sipunguzi kitu."

Biashara ikaenda hivyo miaka kumi na minane. Mtaani walioitwa fundi walikuwa wengi, lakini yeye, kwa ukali wake wa vipimo, aliitwa Milimita, na Milimita alikuwa mmoja. Mtu aliyewahi kukataa kula kwenye meza ya mkwewe mpaka aingize kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja. Mtu ambaye daktari wa meno alimwambia fungua mdomo, yeye akamwambia bawaba ya mlango wako imelegea. Hakuwa na undugu wa damu na Mama Mbao, lakini mkewe alikwisha kumwita Mama Mbao wifi, na wifi haombwi msaada. Huambiwa tu.

Ndiyo maana mke wa Milimita alipoingia bandani siku ile hakuanza kwa salamu.

"Wifi, ndugu yako ameanguka."

"Ameanguka wapi?"

"Mapumzikoni."

Mama Mbao alicheka kabla hajajizuia. Milimita hakuwahi kupumzika maishani. Binti yao ndiye aliyewalipia siku nne katika nyumba ya kupangisha wageni, nyumba ya mbao juu ya kilima kando ya ziwa. Tangazo lake lilikuwa na neno "mandhari" mara saba, na tangu hapo mwenye nyumba hakuitwa jina lingine na familia ile ila Bwana Mandhari. Mzee alikwenda shingo upande. Mswaki aliusahau, msumeno hakuusahau.

Siku ya pili asubuhi alikuwa anashuka ngazi za nje. Kipandio cha tatu kikavunjika katikati kama biskuti, mguu ukapita, mwili ukaenda upande wake. Goti likavunjika. Hospitali ya karibu wakampiga picha, wakamfunga plasta, wakamwambia akamwone mtaalamu wa mifupa mjini. Mtaalamu akasema goti linahitaji upasuaji kabla ya mwisho wa mwezi. Ukipita, mfupa utajiunga vibaya, na mguu utabaki umenyooka kama mpini wa jembe.

"Fundi ambaye hawezi kukunja goti," mkewe akasema, "ni pambo. Na mimi pambo la ukubwa ule sina pa kuliweka."

Fedha za upasuaji hawakuwa nazo. Kwa hiyo Mama Mbao akafunga banda mchana, jambo alilowahi kulifanya kwa ajili ya msiba tu, akawapeleka kwa wakili.

Wakili alikuwa mwanamke kijana mwenye ofisi juu ya duka la viatu. Kabati lake la mafaili lilikuwa halifungi vizuri, na Milimita, akiwa ameegemea magongo, alilitazama tangu alipoingia mpaka alipotoka. Wakili aliwaeleza taratibu. Anayepangisha nyumba kwa wageni wanaolipa ana wajibu wa kuhakikisha nyumba ni salama. Akiacha ngazi ioze, huo ni uzembe, na aliyeumia anaweza kudai gharama za matibabu, kipato alichopoteza, na maumivu.

"Lakini ukutani ameandika," mke wa Milimita akasema. "'Mgeni anatumia nyumba kwa hatari yake mwenyewe.' Kwa herufi kubwa."

"Hata angeandika kwa dhahabu. Karatasi ukutani haimpi mtu ruhusa ya kupangisha ngazi mbovu. Mna njia tatu. Kwanza, kumwandikia barua ya madai na kuelewana naye. Pili, kama nyumba ina bima, kudai kwa bima. Tatu, mahakamani. Mahakamani mnaweza kupata zaidi, ila kesi inaweza kwenda miaka miwili, mitatu."

"Goti lina wiki tatu," Mama Mbao akasema.

"Basi tuanze na barua. Nipeni ushahidi. Picha za kipandio kilichovunjika?"

Mke akatoa simu. Kulikuwa na picha sitini na mbili, zote za ziwa. Katika mojawapo kidole chake kilikuwa kimefunika nusu ya ziwa.

"Sawa. Kipandio chenyewe tutakikuta. Wamekiacha vilevile?"

Mke wa Milimita akamtazama mumewe. Mumewe akalitazama kabati.

"Nilikitengeneza," Milimita akasema.

"Ulifanya nini?"

"Tulirudi kuchukua mabegi. Shimo pale katikati, mtu mwingine si angeumia? Halafu lilikuwa linatia aibu. Stoo palikuwa na ubao mmoja mzima, rangi kwenye kopo, na reki iliyokatika mpini. Nikatengeneza."

"Na mguu kwenye plasta?"

"Nilikaa pembeni, nikaunyoosha."

"Mimi nikimpa nyundo kwa mkono na laana kwa mdomo," mkewe akaongeza.

Wakili akaweka kalamu chini. "Na kile kipande kilichooza?"

"Kilikuwa kikavu," mke akasema, sauti ikishuka. "Palikuwa na jiko la kuni nje. Tulikuwa na safari ndefu. Nikachemshia chai."

"Yaani," wakili akasema, "ushahidi wenu mmeunywa."

"Na sukari," Mama Mbao akasema.

Wakili hakuwafukuza. Aliandika barua ya madai akaambatanisha karatasi za hospitali, huku akiwaonya kwamba karatasi hizo zinathibitisha fundi alianguka, hazithibitishi kwa nini. Jibu la Bwana Mandhari lilikuja baada ya siku tano, na lilikuwa na adabu kama mfano wa barua kwenye kitabu cha shule. Aliwapa pole. Alimwombea mzee apone. Akasema ngazi zake ni nzima, vipandio vyote ni vile vile vilivyowekwa siku nyumba inajengwa, hakuna hata kimoja kilichowahi kubadilishwa, na picha ndiyo hii hapa.

Picha ilionyesha ngazi nzuri kweli kweli. Mama Mbao aliikuza kwenye simu mpaka chembe za rangi zikaonekana. Kipandio cha tatu hakikutofautiana na cha pili wala cha nne. Milimita alikuwa amelinganisha rangi, amefuata mkunjo wa ukingo, hata vichwa vya misumari alivificha.

"Mjinga huyu hadanganyi," Mama Mbao akamwambia Milimita polepole. "Anaamini. Umemtengenezea vizuri mpaka mwenyewe hajui kama umetengeneza. Anadhani sisi ni matapeli."

Milimita alijaribu kuficha kwamba amefurahi. Hakuweza.

Siku mbili baadaye Bwana Mandhari akaja mwenyewe nyumbani kwa Milimita. Kijana wa makamo, viatu safi, manukato yaliyofika kabla yake. Alileta matunda na karatasi. Mama Mbao alikuwepo; mke wa Milimita alimwita kwa simu gari liliposimama tu, na kutoka bandani ni nyumba sita.

"Mzee wangu," Bwana Mandhari akasema, "mimi sina ugomvi. Kwa ubinadamu tu, nimekuletea kidogo cha dawa. Utie sahihi hapa kwamba tumemalizana."

Alichokileta kingetosha kununua dawa kweli: za kichwa. Mama Mbao akangoja. Alitaka kuona atapandisha mara ngapi kabla ya kuulizwa. Lakini Milimita alikuwa na maswali yake.

"Ile ngazi umeitazama vizuri?"

"Mzee, nimeikagua kipandio kwa kipandio. Ngazi imara, kazi safi. Hasa pale katikati. Hailii hata kidogo ukikanyaga."

"Hailii?"

"Kimya kabisa, mzee wangu."

Milimita akanyoosha mkono akachukua kalamu. Miaka kumi na minane Mama Mbao alikuwa hajawahi kumwona akisifiwa usoni, kwa sababu yeye mwenyewe alihakikisha hasifiwi, sifa hupandisha bei. Sasa akaona madhara yake. Mtu yuko tayari kuuza goti kwa sababu ameambiwa ubao wake haulii.

Akamnyang'anya kalamu. "Mwanangu," akamwambia mgeni, "asante kwa matunda. Karatasi rudi nayo. Ikisainiwa hiyo, hata mguu ukianguka wenyewe barabarani hatuwezi kukudai tena."

"Mama, wewe ni nani yake?"

"Mimi ni mtu anayemdai mbao. Akiwa kilema hatanilipa."

Haikuwa kweli, Milimita hakuwahi kudaiwa na mtu. Lakini Mama Mbao aliamini kwamba mtu mwenye pesa huelewa upesi zaidi akiambiwa habari za pesa kuliko za upendo.

Mgeni alipoondoka, Mama Mbao hakumgombeza Milimita. Alikaa akimenya chungwa la Bwana Mandhari, na kwa mazoea ya kazi akaanza kupiga hesabu ya ubao. Ndivyo alivyotulia siku zote. Wengine husali.

"Ule ubao wa stoo ulikuwa na urefu gani?"

"Sentimita tisini na nne."

"Na kipandio?"

"Tisini kamili."

"Ukabaki na vidole viwili vya ubao. Sasa niambie, kile cha zamani kilikuwa kimeshikwa na nini?"

"Misumari tu. Kazi ya kihuni. Mimi niliweka vishikizo chini, kimoja kila upande."

"Vya urefu gani?"

"Ishirini na tano, ishirini na tano."

Mama Mbao akaacha chungwa. "Fundi. Mimi nimeuza mbao tangu wewe una nywele. Vidole viwili vya ubao havitoi vishikizo viwili vya sentimita ishirini na tano. Umesema stoo palikuwa na ubao mmoja. Vishikizo umevitoa wapi?"

Milimita akawa kama mtoto aliyeulizwa nani kala nyama. Akalitazama dirisha. Akalitazama gongo lake.

"Mume wangu," mkewe akasema, "jibu. Umeiba?"

"Sijaiba!" Akashusha sauti. "Kile kilichooza, ni katikati tu. Ncha mbili zilikuwa bado zina nguvu kidogo. Nikazikata nikazitia chini. Huko haoni mtu."

"Ulitumia ubao uliooza?"

"Haukuoza wote! Ncha!" Jasho lilikuwa limemtoka. "Na wewe usiende kulisema bandani. Mimi niliyewaambia watu mbao zao ni kuni, halafu wasikie nimeegemeza kazi yangu juu ya uozo? Nitaweka wapi uso?"

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Kwa wiki mbili goti lilikuwa linaharibika, mke halali, wakili anakuna kichwa, na ushahidi uko mahali pake, umepigiliwa misumari na mdai mwenyewe, naye kakaa kimya kwa sababu ya heshima ya randa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu aliyaficha chini ya kipandio na kuyapaka rangi.

Mama Mbao akachukua simu akampigia wakili. "Kipo," akasema. "Hawakunywa chote."

Walikwenda ziwani Alhamisi kwa gari la kukodi, zikiwa zimebaki siku nane mwezi kwisha. Njiani Mama Mbao alitoa amri moja: asitaje mtu tarehe ya upasuaji. Mwenye haraka ndiye hulipa.

Bwana Mandhari alikuwepo, na alikuwa na haraka kuliko wao. Mashuka yalianikwa, mtu alikuwa anafuta madirisha. Mama Mbao aliuliza tu, kama anayesifia, kama wageni ni wengi msimu huu. Akaambiwa kesho inaingia familia ya watu tisa, wiki mbili nzima, wameshalipa. Akaitia habari hiyo moyoni kama mtu anayetia noti kwenye kanga.

Wakili akaomba kipandio cha tatu kifunguliwe mbele ya wote, kipigwe picha, kirudishwe.

"Ngazi yangu haiguswi," Bwana Mandhari akasema.

"Barua yako inasema hakikuwahi kubadilishwa. Kama ni kweli, utatuaibisha kwa dakika kumi, nasi tutafuta madai. Ukikataa, nitaomba mahakama iamuru. Itachukua muda, lakini amri ikitoka, watakuja na karatasi ukiwa na wageni."

Alifikiri kidogo, akacheka. Mtu mwenye hakika vile haogopi. "Fungueni. Halafu mniombe radhi."

Milimita alikaa kwenye kipandio cha pili, mguu umenyooshwa, akaanza. Aling'oa misumari yake mmoja mmoja kwa huruma kana kwamba inasikia. Wakili alirekodi kwa simu. Kipandio kikainuka, kikageuzwa. Chini kilikuwa cheupe, ubao mpya usiopakwa rangi. Pembeni, kila upande, kulikuwa na kipande cha ubao mkuukuu wenye rangi ya zamani iliyobanduka, ncha moja imekatwa kwa msumeno, nyingine imechanika. Milimita aliminya mahali palipochanika kwa kidole gumba. Kidole kikazama.

"Hicho ndicho kipandio chako cha siku nyumba inajengwa," wakili akasema.

Bwana Mandhari aliinama akatazama. Akaendelea kuinama, kwa sababu sasa, kupitia pengo lile, aliweza kuona kipandio cha nne kwa chini. Cheusi. Cha tano pia.

"Mimi sikujua," akasema. Safari hii hakusema mzee wangu. "Wallahi sikujua."

"Sheria haiulizi tu kama ulijua. Inauliza pia kama ulipaswa kujua. Mara ya mwisho kutazama chini ni lini?"

"Unatazamaje chini ya ngazi?"

"Unainama," Milimita akasema.

Bwana Mandhari akajikusanya. Hakuwa mpumbavu. "Sawa, kilioza. Lakini mtu aliyevunjika goti anawezaje kufanya useremala siku ya pili yake? Na kwa nini aliharibu ushahidi? Hakimu atauliza hayo."

Wakili akashusha simu aliyokuwa anarekodia, na Mama Mbao akajua hilo lina uzito. Akajitia mbele.

"Mwanangu, hayo ya hakimu tuyaache. Mimi nina ombi moja dogo. Panda."

"Nini?"

"Panda ngazi yako. Ruka hilo pengo, kanyaga cha nne, cha tano, ufike mlangoni. Wewe kijana, una magoti mawili. Kesho watapanda watu tisa. Panda tukuone."

Bwana Mandhari akaweka mguu kwenye kipandio cha nne. Ubao ukalia. Akabaki hivyo, mguu mmoja juu, mmoja chini, kiatu kinang'aa. Kisha akaurudisha chini.

"Mnataka nini?" akauliza.

Bei ilianzia hapo. Bima hakuwa nayo. Nyumba aliiandikisha kama makazi yake ili alipe ushuru mdogo, na hilo hakutaka lisomwe mbele ya hakimu. Walijadiliana wakiwa wamekaa kwenye nyasi, maana hakuna aliyetaka kupanda. Upasuaji aliukubali wote, alipe mwenyewe moja kwa moja hospitalini. Kipato cha miezi sita alikikataa. Kila walipotaja miezi, yeye alitaja nyundo, na kila alipotaja nyundo, wakili alitazama pembeni. Wakasimama kwenye miezi mitatu. Mama Mbao alijua kwamba mahakamani wangepata zaidi, na kwamba goti lingepata risiti badala ya daktari.

"Na siku zetu mbili," mke wa Milimita akasema.

Wote wakamgeukia.

"Tulilipa siku nne. Tumekaa mbili."

"Mama, kwa hilo nitawapa siku tatu bure, mje tena mpumzike..."

"Nije wapi? Nipe hela."

Akampa, papo hapo, kutoka mfukoni. Wakili aliandika makubaliano kwa mkono, akaweka sharti kwamba sahihi ya Milimita itatoka siku hospitali itakapothibitisha imelipwa, si kabla. Ililipwa Jumatatu. Jumatano fundi alipasuliwa.

Familia ya watu tisa haikuingia. Bwana Mandhari aliwarudishia fedha zao, akapoteza msimu, akajengewa ngazi upya na fundi mwingine. Mbao aliuziwa na Mama Mbao, bei kamili, na nauli juu yake. Alipoomba apunguziwe aliambiwa kwamba hizi zimechaguliwa na mtaalamu, ambalo lilikuwa kweli: Milimita alizichagua akiwa kitandani, kwa picha za simu, akakataa ishirini.

Goti lilipona kwa kadiri yake. Linapanda ngazi, linashuka, linaendesha baiskeli. Kupiga magoti halitaki. Milimita mwenyewe alilipima kwa kipimapembe cha shule akasema linafika digrii themanini na saba, na daktari aliyesema tisini ni mtu wa kukadiria. Kazi za sakafu na ngazi ameziacha, anatengeneza makabati na meza, kazi za kusimama, ambazo hulipa kidogo. Miezi mitatu aliyolipwa iliisha kabla hajaanza kutembea bila gongo. Miezi mitatu mingine, ile iliyomezwa na nyundo, alikula akiba yake. Kwa hiyo kipandio kile ndiyo kazi ghali kuliko zote alizowahi kufanya, na aliyeilipia ni yeye. Ukimwambia hivyo anakubali. Kisha anakuuliza kama waliobomoa ile ngazi walikitunza kile cha tatu, au walikitupa na vingine.

Mama Mbao anajua jibu, kwa sababu aliwauliza wabomoaji. Hajamwambia, asije akaumia tena. Mke wa Milimita naye hajamwambia mtu alizifanyia nini hela za siku mbili, na wifi yake, ambaye huuliza bei ya kila kitu, hajathubutu kuuliza.